Maswali ya Wasomaji: Nilitumikia Jeshi la Marekani, Je, Nijibu Nini Fomu ya Kazi Ikiuliza Kuhusu Selective Service?

Mwanamume yeyote aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1959 akiomba kazi katika serikali kuu ya Marekani huulizwa kama alijiandikisha Selective Service, yaani daftari la wanaoweza kuitwa jeshini kwa lazima. Hakuna aliyeitwa kwa lazima tangu 1973, lakini Rais Jimmy Carter alilifungua upya daftari hilo mwaka 1980, na tangu 1985 sheria inazizuia wizara na idara za serikali kuu kumwajiri aliyeacha kujiandikisha kwa kujua na kwa makusudi. Yashike maneno hayo, kwa kujua na kwa makusudi, maana karibu kila jibu hapa chini limesimama juu yake.

Nilitoka jeshini nikiwa na miaka 25. Niweke alama Ndiyo au Hapana?

*Habari zenu wahariri. Nilizaliwa Novemba 1984 Kenya, nikaingia Marekani na green card mwaka 2004. Januari 2006 nilijiunga na jeshi la nchi kavu, nikatoka Januari 2010 kwa heshima. Sasa nimepewa ofa katika hospitali ya serikali inayohudumia wanajeshi wa zamani, na wameniletea fomu OF-306. Sikumbuki kujiandikisha popote. Rafiki zangu wananiambia niweke Ndiyo tu kwa sababu nilivaa sare miaka minne. Ni sawa? — Msomaji, Dallas*

Si sawa, ndugu yetu, na tunakuomba usifanye hivyo. Kutumikia jeshi na kujiandikisha Selective Service ni mambo mawili, yanayotunzwa na ofisi mbili tofauti. Fomu haikuulizi hapo kama ulitumikia. Hilo linaulizwa kwenye kipengele cha 8. Kipengele cha 7 kinauliza kama jina lako limo katika daftari. Ofisi ya ajira italitafuta kwa namba yako ya Social Security, na wasipolikuta wakati wewe umeandika Ndiyo, utakuwa umetoka kwenye kosa la kusahau, ambalo lina dawa, ukaingia kwenye kosa la kutoa maelezo ya uongo kwa serikali kuu, ambalo ni jinai inayojitegemea.

Kabla hujaweka alama yoyote, fungua tovuti ya sss.gov uende sehemu ya kuhakiki usajili. Utajaza jina la ukoo, namba ya Social Security na tarehe ya kuzaliwa. Usishangae ukijikuta umo. Majimbo mengi humwandikisha kijana anapochukua leseni ya udereva, na kwa miaka mingi fomu ya kuomba msaada wa ada ya chuo ilikuwa na kisanduku cha kujiandikishia. Wengi waliweka alama pale bila kusoma, wakasahau. Ukikutwa umo, chapisha barua ya uthibitisho yenye namba yako ya usajili, weka Ndiyo, mambo yameisha.

Usipokutwa, jibu la kweli ni Hapana, na Hapana yako inahitaji maelezo kwenye kipengele cha 16. Hapa ndipo wengi huharibu kwa kuandika kwamba walisamehewa kwa sababu walikuwa askari. Msamaha kamili ni wa aliyekuwa katika utumishi wa muda wote mfululizo tangu miaka 18 hadi 26. Wewe ulikuwa na siku 30 za kujiandikisha baada ya kufika nchini ukiwa na miaka 19, na ulipovua sare Januari 2010 ulipewa siku 30 nyingine, kwa kuwa 26 ulikuwa hujazifikisha. Kwa hiyo usiandike kwamba hukutakiwa. Andika kwamba hukujiandikisha, kisha toa tarehe na ushahidi, yaani DD-214, hati ya kuachishwa jeshini. Kwa Kiswahili maelezo yangekuwa hivi, nawe uyaandike kwa Kiingereza, ukiweka yale tu ambayo ni kweli kwako:

*"Sikujiandikisha Selective Service. Nilikuwa katika utumishi wa muda wote wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kuanzia Januari 2006 hadi Januari 2010, nikaachishwa kwa heshima. Sikujua kwamba nilitakiwa kujiandikisha nilipofika nchini wala baada ya kutoka jeshini. Nakala ya DD-214 imeambatanishwa."*

Sentensi nne zinatosha. Usieleze maisha yako, usilaumu ofisa aliyekuandikisha jeshini. Aliyejitolea miaka minne ya utumishi wa heshima ni vigumu kumwita mkwepaji, na ndiyo maana DD-214 ina uzito mkubwa katika uamuzi huu. Wizara ya Kazi, katika programu zake za mafunzo ya ajira, imeitaja waziwazi hati ya utumishi wa heshima kuwa ushahidi kwamba mtu hakuacha kujiandikisha kwa kujua na kwa makusudi.

Hakikisha nakala unayoipeleka ni ile iitwayo Member-4, si Member-1. Member-1 ni fupi, haina kisanduku cha 24 kinachoonyesha kama uliachishwa kwa heshima, na ofisi itakurudisha nayo. Kagua kisanduku cha 12: 12a ni tarehe ya kuingia, 12b ya kutoka, 12c ni jumla ya utumishi. Tarehe unazoandika kwenye kipengele cha 8 na cha 16 zifanane nazo hadi siku. Kama nakala imepotea, iombe Hifadhi ya Taifa, kituo cha St. Louis, kwa njia ya mtandao au kwa fomu SF-180.

Tena, usingoje ofisi ya ajira ikuulize ndipo uombe barua ya hali ya usajili. Fomu ya kuiomba iko kwenye tovuti ileile. Barua hiyo inasema ama hukutakiwa kujiandikisha, ama ulitakiwa na hukujiandikisha. Watu wakiipata ya aina ya pili hushtuka wakadhani wamehukumiwa. Haihukumu chochote. Selective Service haina mamlaka ya kukunyima kazi wala kukupa. Wanaopima maelezo yako ni upande wa ajira. Lakini barua huchukua muda, na ofisi hailazimiki kukuwekea nafasi wazi wakati uamuzi unasubiriwa. Nafasi nyingi hupotea kwa kuchelewa huku, wala si kwa kukataliwa.

Nilikuwa National Guard tu

*Wahariri wapendwa, niliingia Marekani na wazazi nikiwa na miaka 15. Nilitumikia National Guard ya jimbo tangu 2008 hadi 2014, sikuwahi kupelekwa vitani. Nina DD-214 ya mafunzo ya miezi mitano. Nilizaliwa 1987. Nimehakiki, simo kwenye daftari. Je, DD-214 yangu inanitosha? — Msomaji, Houston*

Yenyewe peke yake, hapana. Walinzi wa jimbo (National Guard) na askari wa akiba wasio katika utumishi wa muda wote walitakiwa kujiandikisha kama raia wengine, na mafunzo ya mwanzo hayageuzi hilo. Angalia pia maandishi ya kipengele cha 8 kwenye OF-306: yanasema kama utumishi wako wa muda wote ulikuwa mafunzo tu katika akiba au National Guard, ujibu Hapana. Wenzako wengi hujibu Ndiyo kwa fahari, halafu fomu ikapingana na hati zao. Aliyeitwa na serikali kuu, tuseme akapelekwa Iraki kwa mwaka mmoja, huyo hajibu kama wewe. Yeye ana utumishi wa kutaja.

Hata hivyo hujakosa ushahidi. Kusanya NGB-22, ambayo ndiyo hati yako ya kuagwa National Guard, na hiyo DD-214 ya mafunzo. Ongeza tamko lako lililosainiwa linaloeleza kwa nini hukujua: ulisoma wapi ulipofikisha 18, kama kuna barua yoyote uliyoletewa nyumbani, na ulidhani nini ulipokula kiapo cha jeshi. Wengi katika hali yako waliamini kwamba kiapo kile kimemaliza kila kitu. Kama ndivyo ulivyoamini, liseme hivyo hivyo. Mzazi au mwalimu aliyekujua wakati huo anaweza kuandika tamko fupi la kuunga mkono. Kipimo cha sheria ni kwamba ushahidi uonyeshe kuwa inaelekea zaidi hukukusudia. Hudaiwi kuondoa kila chembe ya shaka. Omba barua ya hali ya usajili leo, maana kwako wewe itahitajika.

Nimezaliwa 1958

*Fomu inauliza kama nilizaliwa baada ya 1959. Nilikuwa jeshi la majini 1977 hadi 1981, na sikuwahi kujiandikisha. Nina shida? — Mzee msomaji, Seattle*

Shikamoo mzee. Huna shida yoyote. Usajili ulisimamishwa 1975 na ukarudi 1980 kwa waliozaliwa kuanzia 1 Januari 1960. Waliozaliwa kati ya 29 Machi 1957 na 31 Desemba 1959 hawakutakiwa kujiandikisha kabisa. Kwenye swali la kama wewe ni mwanamume aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1959, weka Hapana, ruka hadi kipengele cha 8, jaza utumishi wako. Usiandike maelezo ambayo hayajaombwa.

Binti yangu alikuwa jeshi la anga

*Fomu yake ina swali hili. Aliruke? — Mama wa Minneapolis*

Asiliache tupu, mama. Swali la kwanza linauliza kama ni mwanamume aliyezaliwa baada ya tarehe hiyo. Aweke Hapana aendelee. Sheria hii haiwahusu wanawake.

Nilijiandikisha lakini mtandao unasema simo

*Ndugu wahariri, jambo. Nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikafika Kentucky 2016 nikiwa na miaka 22, tarehe yangu ya kuzaliwa kwenye karatasi ni 1 Januari 1994. Shirika lililotupokea lilinijazia fomu ya Selective Service wiki za mwanzo. Nikaingia jeshini 2018, nikatoka 2022. Sasa nikihakiki, hawanioni. Nifanye nini kuhusu fomu ya kazi? — Msomaji, Louisville*

Usikimbilie kuandika Hapana, ndugu. Kwa maelezo yako, inaelekea sana kwamba umo ila umeandikwa kwa namna nyingine. Mkimbizi wa kiume wa miaka 18 hadi 25 hutakiwa kujiandikisha ndani ya siku 30 za kufika, na wiki hizo za mwanzo mara nyingi huwa hana namba ya Social Security bado. Fomu ya karatasi inaruhusu nafasi hiyo iachwe wazi. Lakini ukaguzi wa mtandaoni unatafuta kwa namba hiyo, kwa hiyo aliyesajiliwa bila namba, na asiipeleke baadaye, haonekani. Sababu ya pili ni majina. Mkongomani mwenye majina matatu anaweza kuwa ameandikwa jina la mwisho kama la ukoo kwenye karatasi moja, na la katikati kwenye nyingine. Tarehe nayo ikague: wengi walipewa 1 Januari kambini, wengine wakaja kuirekebisha, na daftari halijui marekebisho hayo.

Ipigie simu Selective Service badala ya kurudia tovuti. Kaa na karatasi uliyoingilia nchini, kadi ya Social Security na DD-214 mezani. Waombe watafute kwa kila mpangilio wa majina yako na kwa anwani ya kwanza uliyokaa Louisville. Wakikupata, waambie waongeze namba ya Social Security na kusahihisha jina, kisha uombe barua ya uthibitisho. Hapo utaweka Ndiyo bila wasiwasi. Uliza pia shirika lililokupokea kama faili lako bado lipo. Nakala ya fomu waliyokujazia, au kadi iliyotumwa nyumbani kwenu, ni ushahidi mzuri.

Kama hawakukuti kwa namna yoyote, jibu linabaki Hapana, na maelezo yako yataje kwamba fomu ilijazwa kwa msaada wa shirika mwaka 2016, kisha utumishi wako na tarehe zake. Jambo moja zaidi: swali hilihili liko kwenye fomu ya uraia, N-400, na kwenye SF-86 ya kuchunguzwa usalama, sehemu ya 14. Kabla hujaijaza OF-306, toa nakala ya ulichojibu huko nyuma. Majibu yakipingana, hata kwa bahati mbaya, mchunguzi atataka kujua lipi ni la kweli.

Mwanangu ametoka jeshi la Marine akiwa na miaka 23

*Anasema hana haja ya kujiandikisha kwa kuwa ameshatumikia. Anataka kazi Posta. — Baba wa Columbus*

Ana haja, baba, na kwa umri wake jambo ni jepesi sana. Aliyetoka kabla ya kufikisha 26 hutakiwa kujiandikisha ndani ya siku 30. Hata kama siku hizo zimepita, usajili wa kuchelewa unapokelewa hadi siku moja kabla ya kutimiza miaka 26. Baada ya hapo daftari limefungwa kwake moja kwa moja, hata akiomba vipi. Ahakiki kwanza kwenye sss.gov, akikosekana ajiandikishe papo hapo. Ni kazi ya dakika chache. Posta nao huuliza swali hili. Kampuni binafsi hazifungwi na sheria hiyo ya serikali kuu, lakini majimbo mengi yana sheria zao kwa kazi za jimbo, na baadhi huhitaji uthibitisho wa karatasi. Achapishe barua yake ya uthibitisho nakala mbili, moja aiweke pamoja na DD-214.