Damu ya utafiti na majibu yako ni mambo mawili

Mdogo wangu wa Mbagala, pole kwa ya mzee. Umeuliza kama mkubali yule mtafiti wa chuo achukue damu ya familia, maana baba ana Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo polepole, na shangazi zako wanasema karogwa.

Hakuna uchawi hapo. Ni jeni moja tu, na kila mtoto wa mgonjwa, wa kike kwa wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Iligunduliwa mwaka 1993 kwa sababu familia za kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, zilikubali kutoa damu kwa kina Nancy Wexler, mtafiti Mmarekani ambaye mama yake mzazi aliugua ugonjwa huohuo. Mimi ningetoa.

Ila usisaini kwa kuona haya. Dai fomu ya Kiswahili, kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na uulize damu inapelekwa wapi. Majibu yako binafsi, yaani kupimwa ujue kama umeirithi, ni habari nyingine: tiba ya kuuzuia haipo, na ukishajua umejua. Zungumza kwanza na daktari wa mishipa ya fahamu, hata kama ni foleni ya Muhimbili tangu alfajiri.

Na mzee aulizwe mwenyewe, maadamu bado anaelewa.