Mashine yangu ilikaa njiani siku 47: jibu kwa mdogo wangu anayengoja hapa Lubumbashi

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umelipia kompyuta kubwa ya mezani huko Dubai, leo ni siku ya 22, ukurasa wa kufuatilia mzigo unasema "imefika", wakala hapokei simu, na mteja wa michoro ya nyumba anataka umjibu leo kama kazi yake utaichukua. Unauliza ukubali au ukatae.

Usikubali. Au kubali kwa mashine iliyo mezani pako sasa hivi, ile ya njiani uisahau kwanza. Mimi nilikubali, na nitakuambia kilichonipata.

Mimi ni mpima ardhi. Narusha droni juu ya malundo ya kokoto na ya mawe ya madini, kisha kompyuta inaunganisha picha na kutoa umbo la lundo na ujazo wake. Mruko mmoja unaweza kuleta picha 1,800. Laptopu yangu ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 ilikuwa inakesha nazo usiku mbili, feni inalia kama kinu cha mahindi, na umeme ukikatika saa tisa usiku, unaanza upya. Basi mwaka 2023 nikakusanya dola 4,200 na kuagiza mashine ya kweli: prosesa Ryzen 9 7950X yenye kori 16, RAM ya GB 128, kadi ya michoro RTX 4090 yenye kumbukumbu ya GB 24. Kwa wanaouliza kwa nini sikununua laptopu kali nikaibeba mkononi: ile 4090 ya laptopu ina jina lilelile, lakini kumbukumbu yake ni GB 16 na umeme inaopewa ni mdogo zaidi. Jina moja, vitu viwili tofauti.

Nililipa tarehe 3 Juni. Duka likasema siku sita za kuunga na kujaribu, na kweli siku ya sita mzigo ukafika kwa wakala wa mizigo kulekule Dubai. Nikaona "imefika" kwenye simu, nikaruka. Siku hiyohiyo nikampigia mteja wangu mwenye machimbo ya kokoto upande wa barabara ya Kipushi, nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye mali: tarehe 28 utakuwa na hesabu ya malundo yako yote, hata funga mwezi wako kwa amani.

Lile "imefika" lilikuwa la ghala la Dubai! Mzigo haujapanda hata kigari cha kusukumwa. Na hapo ndipo ulipokaa siku 17, kwa sababu nilichagua grupaji, ile njia ya bei nafuu ambapo wakala anakusanya mizigo ya watu wengi mpaka ijae ndipo aikatie nafasi kwenye ndege. Hakuna anayekueleza hilo wakati wa kulipa. Ukiuliza, jibu ni "wiki hii". Wiki hii ya nani, hujui.

Kwa hiyo fanya jambo hili leo kabla hujalala. Namba uliyopewa na wakala huenda ni namba yake ya ndani, ya daftari lake. Mwombe namba ya LTA kuu, ile karatasi ya usafiri wa ndege. Ina tarakimu 11, na tatu za mwanzo zinataja shirika la ndege: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Ukiwa nayo unaingia mwenyewe kwenye ukurasa wa mizigo wa shirika, unaona kama kitu kimepanda ndege, kimelala Addis Ababa au kimeshuka Luano, uwanja wetu wa ndege. Wakala akisema "itakuja, itakuja" na namba hana, basi mzigo wako bado uko sakafuni kwake. Mimi niliidai siku ya 19, akanijibu kwa picha ya sanduku langu likiwa chini ya magunia ya viatu. Angalau nilijua ukweli.

Bei nayo ilinishangaza. Sanduku kwenye mizani lilikuwa kilo 22, nikalipishwa 31. Nikapiga kelele, kumbe ndiyo hesabu ya ndege: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawa kwa 6,000. Langu lilikuwa 70 kwa 40 kwa 65, fanya mwenyewe utaona kilo 30 na kitu, na kinacholipwa ni ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Wengine wanagawa kwa 5,000, hapo inapanda mpaka 36. Nililipia hewa ya ndani ya kasha. Anayetaka kuikwepa apitishe baharini: Dar es Salaam, kisha lori mpaka Tunduma, Zambia yote, hadi mpakani kwetu Kasumbalesa. Mimi kwa kitu cha kioo na vyuma vizito vinavyoning'inia, barabara ile hapana. Na foleni ya malori ya Kasumbalesa hamna mtu wa hapa anayehitaji kuhadithiwa.

Ndege ikatua Luano tarehe 30 Juni. Ndiyo, 30 Juni yenyewe, sikukuu ya uhuru, tena Ijumaa. Nani atafungua ghala? Mpaka Jumatatu.

Jumatatu nikaenda na shati la pasi, nikidhani nitarudi na mashine. Ankara ya duka ilikuwa imeandikwa mstari mmoja tu: "kompyuta, seti 1". Afisa akaitazama, akalitazama sanduku, akaniuliza kompyuta gani ya dola 4,200 wakati mtu mwingine pale ameleta kumi kwa bei hiyo. Swali la haki kabisa, mimi mwenyewe ningeuliza. Ikabidi duka litoe ankara mpya yenye kila kipande na bei yake na namba ya kadi ya michoro, na duka nalo likawa na mapumziko yake, kisha likakosea jina langu, kisha likarekebisha. Siku 17 nyingine zikaenda hapo. Kumbuka pia kwamba forodha haichukui bei ya dukani peke yake. Wanaongeza usafiri na bima, hapo ndipo ushuru unapohesabiwa, kisha TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inakaa juu ya jumla yote. Mimi nilikuwa nimetenga asilimia 16 ya 4,200, nikapungukiwa, nikaenda kumwona shemeji. Mwandikie duka lako leo wakutumie ankara ndefu, wakati mzigo bado uko kwao au angani.

Sasa yule mteja wa kokoto. Tarehe 26 nilikuwa na picha zake 1,740 na laptopu ileile. Usiku huo nikakaa chini na aibu yangu nikaanza kusoma mipangilio ya programu ambayo miaka yote nilikuwa naiacha kwenye "juu" bila kuuliza kwa nini. Kumbe kila ukishuka ngazi moja ya ubora, picha inapunguzwa nusu kila upande, maana yake nukta zinabaki robo. Nikashuka mpaka "kati", nikakata eneo vipande vinne, kila kipande peke yake, nikahifadhi baada ya kila hatua. Saa 14 zikamaliza kazi yote. Nikapeleka hesabu tarehe 28 mchana, kimya, bila kusema lolote kuhusu mashine.

Mashine ilipokuja nilizirudia picha zilezile kwa ubora wa juu. Tofauti ya ujazo haikufika asilimia 1. Lundo la kokoto halihitaji kuonyeshwa kila jiwe! Nilikaa nikicheka peke yangu, si kicheko cha furaha sana, kwa sababu kumbe nusu ya kazi nilizokuwa nakataa kwa ajili ya "mashine dhaifu" ningezifanya. Nusu ya pili, yale maeneo makubwa yenye picha elfu sita, laptopu haiwezi hata uiombee. Kwa hiyo sijuti kununua. Ila wewe wa michoro ya nyumba, kabla hujamkatalia mteja, jaribu mchoro wake mmoja kwa ukubwa mdogo kwenye ulichonacho uone unachukua muda gani. Ndipo umtajie tarehe, na tarehe hiyo iwe ya laptopu.

Siku za kungoja usizipoteze kwa kufungua simu kila dakika kumi. Umeme ndio kazi yako sasa. Mimi nilimwita fundi, akaweka mita yake kwenye prizi ya chumba changu asubuhi: volti 226, safi. Nikamwambia fundi: "Baba, rudi jioni." Akarudi saa moja, wakati kila nyumba ya mtaa ina sufuria ya bukari (ugali) kwenye resho, jiko la umeme. Alipochomeka tena, tarakimu zikacheza, 184, 181, zikatulia 178. Akaniangalia tu. Pawa saplai ya mashine kama hii inakubali volti 100 mpaka 240, hiyo haina shida. Shida ni UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, ondilere kama mafundi wetu wanavyosema: kila volti ikishuka sana inadhani umeme umekufa, inarukia betri, na betri inayorukiwa kila jioni haimalizi mwaka. Nikaweka stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, mbele ya UPS, na fundi akachimbia nondo ya ardhi nyuma ya nyumba, kwa sababu waya wa ardhi kwenye prizi zangu ulikuwa pambo tu, haukwenda popote. Mvua za Novemba na radi zake zinakuja, usiziache hizo nondo.

Na usinunue UPS kwa kusoma namba kubwa iliyo kwenye boksi. Namba ile ni ya VA, na VA si wati, yaani si nguvu halisi inayobeba. Yangu imeandikwa 1,500, ila ndani inabeba wati 900. Mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote nimeipima wati 610, kwa hiyo napata dakika chache za kuhifadhi na kuzima, au za kuwasha jenereta. Atakayekuambia utafanya kazi saa mbili kwa kisanduku kile, mwombe akuonyeshe kwake.

Tarehe 20 Julai ilifika, siku ya 47. Asubuhi ya baridi, watu wote na majaketi, vumbi jekundu limekaa mpaka kwenye majani ya mwembe. Kwenye sanduku kulikuwa na kile kibandiko cha mshtuko, kinachobadili rangi sanduku likigongwa, kikawa kimegeuka chekundu. Moyo ukashuka. Nikamwambia mtoto shika simu, rekodi kila kitu, anza na kibandiko, zunguka pande zote sita, ndipo nikakata utepe. Na wewe fanya hivyo mbele ya aliyekuletea, kabla hujatia sahihi popote.

Fungua ubavu kabla ya kuchomeka. Ndani nilikuta mfuko mkubwa wa povu gumu umeishika kadi ya michoro, maana ile kadi ina zaidi ya kilo mbili, na bila povu njiani ingevunja tundu lake. Nimesikia mtu aliyewasha na povu ndani. Litoe taratibu, bonyeza kila waya, hasa plagi ya umeme ya kadi: iingie mpaka mwisho kabisa. Yangu ilikuwa imetoka kama milimita mbili, na plagi ya aina ile ikiwa nusu ndani nusu nje inapata joto mpaka inayeyuka.

Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini nyeusi. Dakika moja. Mbili. Mke wangu mlangoni: "Imekufa?" Sikujibu. Dakika ya nne nilikuwa tayari natunga maneno ya kumwandikia mwenye duka. Dakika ya sita picha ikatokea. RAM za DDR5, hasa zikiwa nyingi, mara ya kwanza ubao mama (ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba vipande vyote) unazipima moja moja kabla ya kuonyesha chochote. Usizime katikati. (Na hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya michoro, siyo kwenye ubao mama. Usiniulize nimejuaje.)

Usiku wa kwanza sikuipa kazi ya mteja, niliipa majaribio ya RAM mpaka asubuhi, na ikaanguka mara mbili. Duka lilikuwa limeweka vipande vinne vya RAM vya GB 32 na kuvikimbiza kwa kasi ya 6000, wakati prosesa ile ikibeba vinne vya aina hiyo inaahidiwa 3600 tu. Nikashusha, ikatulia, tangu hapo haijaanguka tena.

Sasa mwandikie wakala umwombe LTA, halafu weka hapa tarakimu tatu za mwanzo tu, nitakuambia ni ndege gani.