Kuhusu Miti ya Kiwanja Chako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Unauliza kama mbele ya nyumba unayoijenga hapa Njombe upande miparachichi au mitofaa, ili bustani ipendeze na pia iwalishe. Mimi ningeuliza kwanza kiwanja kimeinamia upande gani, kwa maana baridi ya kwetu ni kama maji: hushuka bondeni ikatuama huko.

Unaikumbuka miche yangu 40 ya parachichi aina ya Hass, niliyoipanda karibu na vinyungu, zile bustani zetu za bondeni, kwa kuwa nilichoka kubeba ndoo tangu Mei hadi mvua za Novemba. Mama yako alinishauri niipande juu, nyuma ya jiko, nami nikamjibu kwamba huko tutaimwagilia kwa mate. Asubuhi moja ya Julai nikakuta sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda juu ya nyasi kama unga uliomwagika, na kufikia adhuhuri majani yalikuwa meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Wewe ulihesabu iliyokufa kwa sauti mpaka nikakufukuza. Mpichi wa mama yako, ulioishi kwa maji ya kuoshea vyombo, haukudhurika, naye hakunikumbusha ushauri wake hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nakiri, kosa halikuwa la mahali tu. Nilikuwa nimetandaza nyasi kavu mashinani ili kutunza unyevu, kumbe matandazo huzuia joto la udongo lisipande usiku. Lakini bila matandazo, jua la Septemba lingeimaliza vilevile. Pengine ningeyaondoa Juni na kuyarudisha Agosti. Hata hivyo narudia: baridi hushuka bondeni.

Mtofaa wenyewe huitaka baridi ndipo uchanue vizuri, na aina ya Anna hutosheka na kidogo. Mtini uuweke karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Mlonge unaousifia huko Dodoma uuache huko huko.

Kati ya parachichi na tofaa sitakuchagulia, kwani niliapa kutowachagulia tena wanangu. Ila kama kiwanja kiko chini ya barabara, basi parachichi… hapana, nanyamaza. Nenda ukakikanyage pembe zote nne alfajiri ya Julai, peku.

Rozimari ya mama yako, isiyojali kiu, nimekuoteshea vipandikizi 12 kwenye makopo. Njoo uvichukue.

Baba yako