Maswali na majibu: Mfalme mmoja wa Japani, malkia wawili

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimeona video inasema Malkia Teishi wa Japani aliwekewa malkia mwenza mwaka 1000 kwa sababu Mfalme Ichijō alishamchoka. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Si kweli, na swali hili naletewa kila mara kwa sura ileile: alipendwa, akachokwa, akatupwa. Ichijō hakumchoka. Mwishoni mwa 999 Teishi alimzalia mwana, Atsuyasu, na mwanzoni mwa 1001 alifariki akijifungua mtoto wao wa tatu.

Kilichomwangusha ni kufiwa na baba. Mwaka 995 Michitaka alikufa. Mwaka uliofuata kaka yake Teishi, Korechika, akafukuzwa mji mkuu, naye Teishi akakata nywele zake kama mtawa. Madaraka yakaenda kwa baba yake mdogo, Michinaga, ambaye mwaka 999 alimwingiza ikulu binti yake Shōshi, bado msichana mdogo. Miezi michache baadaye cheo cha malkia kikagawanywa: Teishi akaitwa kōgō, Shōshi chūgū, majina mawili ya malkia. Hapo mapenzi hayakuulizwa.

Malkia wa enzi ya Heian, Japani ya wakati huo, alisimama kwa mali ya kwao. Mavazi na wanawake wasomi waliomzunguka viligharimiwa na ukoo wake, na hata kujifungua alijifungulia kwao, kwa kuwa damu ya uzazi ilihesabiwa unajisi ikulu. Shōshi alipojifungua mwaka 1008 alikuwa kwenye jumba la baba yake, Tsuchimikado: mapazia meupe, wanawake wote wamevaa nyeupe, watawa wakisoma dua kwa sauti, mchele ukirushwa kufukuza pepo. Mtoto akaangukia mikononi mwa babu, na nguvu ya Michinaga ilitoka humo. Mwaka 1011 mjukuu huyo ndiye aliyefanywa mrithi, Atsuyasu akarukwa. Shōshi, aliyemlea Atsuyasu baada ya mama yake kufa, alimkasirikia baba yake waziwazi.

Watengeneza video hawayagusi haya. Wanambandikia Teishi picha ya geisha, watumbuizaji waliotokea karne ya 18, na kumaliza habari kwa machozi. Wanafanya hivyohivyo kwa malkia wa China na wa Korea. Ukiona simulizi ya malkia isiyomtaja baba yake wala mwaka aliokufa, usiisambaze. Mwanafunzi akishaishika hiyo, kumtoa humo ni kazi ya muhula mzima.