Jiko lisilo na moshi nalo linaua
Dada, umeuliza kwa nini jiko la mkaa lililokwisha kukolea, lisilo na moshi, lisilale chumbani. Moshi siyo kipimo. Mkaa ni kaboni: hewa ikitosha unatoa kaboni dioksaidi, ikipungua unatoa kaboni monoksaidi. Tena hiyo dioksaidi ikipanda katikati ya makaa mekundu hunyang'anywa atomi moja ya oksijeni, inageuka monoksaidi. Ule mwali wa buluu unaouona juu ya makaa ndiyo hiyo gesi inaungua. Isiyoungua mnaivuta.

Monoksaidi haina rangi wala harufu. Kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, protini inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kichefuchefu, aliyelala hashtuki.

Hapa Dodoma naogopa Juni na Julai: baridi na upepo, watu wanafunga madirisha, wanasokomeza matambara chini ya mlango (!), kisha wanaingiza jiko. Vumbi letu angalau unaliona, gesi hii huioni.

Gesi hii ikimkuta mtu, mtoeni nje kwanza, halafu hospitali hata akizinduka.