Beba Chakula Chako, Waache Wacheke

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Yeye, mumewe na watoto wamepata tiketi nafuu za kwenda Ulaya na wameshalipia nyumba ndogo yenye jiko. Ila kila wakipiga hesabu ya kula nje, bajeti inapasuka. Anauliza: "Dada, tukibeba chakula kutoka nyumbani si tutaonekana washamba?"

Swali hilo limenigusa pabaya, maana nami nimeonekana.

Likizo yangu ya kwanza nje ya nchi tulikwenda kikundi. Nilipofungua begi chumbani wakaona shayiri, karanga, tambi kavu, samaki wa kopo na majani ya chai, walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja akanibandika jina: Stoo. Asubuhi wao wanateremka kwenye mgahawa wa hoteli, mimi nachemsha maji yangu. "Stoo, leo kuna nini?" Nilikuwa nacheka nao, lakini usiku naumia. Nilikuwa nimejinyima mwaka mzima kuipata safari ile, na wao walilijua hilo.

Siku za katikati nazirusha, zilikuwa za kutembea tu. Nendeni moja kwa moja kwenye zile siku za mwisho, hodi zilipoanza. Wa kwanza kuja alikuwa yuleyule aliyenipa jina, anauliza kama shayiri imebaki. Nikampa. Akaja wa pili, akaja na wa tatu, nao nikawapa. Siku iliyofuata mimi nilipanda boti na kuingia makumbusho, wao wakabaki nje wakipiga picha za jengo. Hakuna aliyeniomba radhi hadi leo, na kwenye kundi letu la WhatsApp bado naitwa Stoo. Sawa. Stoo ameona nchi nyingi kuliko wao.

Kwa hiyo dada yangu, beba. Beba vikavu, vyepesi, visivyohitaji friji, vikiwa kwenye pakiti zake ambazo hazijafunguliwa. Kifungua kinywa na mlo wa mchana vitoke kwenye begi. Jioni onjeni cha wenyeji, maana kusafiri bila kuonja ni kujidhulumu.

Lakini usibebe kwa kufumba macho. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri anayetoka nje ya umoja huo kuingia na nyama wala maziwa, wala vilivyotengenezwa kwayo. Jibini liache, nyama iliyokaushwa iache, na tambi zenye vipande vya nyama ziache pia. Wanaogopa magonjwa ya mifugo, na kipande kimoja kinatosha kuyaingiza. Kama mwanao mdogo bado anatumia maziwa ya unga ya watoto wachanga, hayo yanaruhusiwa hadi kilo 2 kwa mtu, mradi ni ya kiwandani, hayahitaji friji kabla ya kufunguliwa, na pakiti haijafunguliwa isipokuwa ile anayoitumia. Matunda mabichi yanadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Samaki wa kopo hana shida.

Siku mtakapokwenda New Zealand au Australia (na mtakwenda, mkiacha kula pesa mgahawani), kila kinacholika kitajeni kwenye fomu ya kuingilia. Kila kitu, hata tunda mlilopewa ndani ya ndege. Kule New Zealand tunda lililosahaulika mfukoni linaweza kukutoza faini ya dola 400 za kwao papo hapo. Ukikitaja chakula kikakataliwa, wanakichukua tu na unaendelea na safari yako. Nimewahi kunyang'anywa pakiti ya mbegu kwa namna hiyo na afisa akanishukuru. Kwa hiyo narudia: taja.

Siagi ya karanga kwenye begi la mkononi huhesabiwa kama kimiminika, na viwanja vingi bado haviruhusu zaidi ya mililita 100. Iweke kwenye mzigo wa kupakia.

Wewe una jiko, ila kwa wengine wanaoniuliza kuhusu birika la safari: umeme wa Ulaya ni volti 230, wa Marekani 120, wa Japani 100. Birika la volti 230 likichomekwa Marekani litachukua karibu mara nne ya muda wake kuchemsha. La Marekani likichomekwa Ulaya litaungua. Tafuteni lenye swichi ya volti mbili, na muulize kwanza kama hoteli inaruhusu kuchemsha chumbani.

Mtanisamehe kwa ukali, lakini tumezidi kuogopa macho ya watu. Mtu anakopa ili apige picha ya sahani, kisha anarudi kulipa deni la chakula ambacho hata ladha yake ameisahau. Sisi tunaotaka kuiona dunia kwa mshahara wa kawaida hatuwezi kuishi hivyo. Anayekucheka hakuchangii nauli.

Na huyo mumeo unayesema ndiye anayeona haya zaidi, usibishane naye. Jioni ya kwanza mpe achague mgahawa mwenyewe, aagize mwenyewe, na bili ailipe mwenyewe. Begi la chakula lifungue kesho yake asubuhi.