Jibu: Wapangaji wanaridhika, lakini hawaandiki maoni

Habari, ndugu. Umeeleza kwamba wewe ni dalali wa nyumba Dar es Salaam, wapangaji wako wanaridhika, lakini ukurasa wako wa Google hauna maoni, na sasa unafikiria kumpunguzia ada kila atakayeandika.

Punguzo hilo liache kabisa, kwani Google inakataza maoni yanayotolewa kwa malipo, zawadi au punguzo, na inakataza pia kuwaomba walioridhika peke yao huku ukiwakwepa wenye malalamiko. Angalia kwanza kama wasifu wa biashara yako umethibitishwa, kisha chukua humo kiungo cha kuombea maoni.

Mimi humtumia mteja kiungo hicho kwa WhatsApp akishahamia na kuona kwamba maji na umeme wa LUKU viko sawa, si siku ya kulipa kodi ya miezi sita, maana siku hiyo mawazo yake yote yako kwenye fedha. Namwomba aeleze mambo mahususi: je, nyumba ilifanana na picha, na ada ya kuoneshwa ilitajwa mapema? Anayelalamika mjibu hapo hapo hadharani, kwa adabu, ukieleza ulichorekebisha, kwa sababu wapangaji wa jiji hili wamechoshwa na madalali wanaowapeleka kwenye nyumba zilizokwisha kupangishwa, nao husoma majibu yako kabla ya kupiga simu.